Barua ya wazi kwa wakubwa wa Jiji la Tanga: kabla hamjazizima nyimbo, msikilizeni anayezipakia

Kwa Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, afisa utamaduni, afisa elimu sekondari, na wenzenu wa Baraza la Sanaa la Taifa kama barua hii itawafikia.

Yah: Nyimbo wanazosikiliza watoto wetu

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na wengine habari za kazi. Mimi ni mpakia nyimbo. Nina kibanda Ngamiani, kompyuta moja, spika mbili kubwa za kukodisha, na tangu mwaka 2008 nawawekea watu wa mji huu nyimbo kwenye memori kadi, flashi na simu. Kabla ya hapo nilichoma CD. Marehemu mjomba aliyeniachia kibanda alikuwa anarekodi kanda, na nyingine alizirekodi yeye mwenyewe kwenye harusi, mkono mmoja umeshika redio kaseti, mwingine sahani ya pilau.

Najua mwenye sheria mkononi atauliza habari ya hakimiliki kabla hajafika aya ya tatu. Ana haki yake. Sheria ipo tangu 1999 na siwezi kujifanya sijaisikia. Mkituwekea utaratibu wa malipo ambao mtu wa kibanda anaumudu, nitapanga foleni alfajiri. Leo nimekuja na jambo jingine. Ukiondoa mama zao, na pengine hata mama zao, hapa mjini sidhani kama yupo anayejua watoto wetu wanasikiliza nini kuliko mimi. Mtoto mbele ya mwalimu husema anachotakiwa kukipenda. Kwangu anakuja na mia tano yake na kusema anachokipenda.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ambayo sitaitaja. Nilialikwa kwa ajili ya spika, tusidanganyane. Wasichana wanne walisimama wakaimba wimbo wa bongo fleva uliokuwa unavuma siku zile, wakacheza, wazazi wakainuka kuwatunza. Noti za elfu mbili zilibandikwa kwenye vipaji vya nyuso. Ilipofika zamu ya mgeni rasmi, akasema nyimbo hizi ndizo zinazowaharibu watoto, vijana hawajijui tena wao ni akina nani, na dawa yake ni kuzipiga marufuku mashuleni, kwenye daladala na kwenye vibanda "kama cha huyu bwana wa spika". Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa sijalipwa.

Nimekaa na maneno yale miezi mingi. Nusu yake nakubaliana nayo, tena kuliko hata mwenyewe aliyeyasema. Nusu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ni kweli, nyimbo zinawapa watoto majina. Mtu mzima husikiliza wimbo akaenda zake, mtoto huuvaa. Wanakuja wasichana wa miaka kumi na sita, ushungi umekaa vizuri, adabu zao zote, "shikamoo kaka", halafu wananiambia: "Tuwekee zile za mapisi." Wao ndio mapisi. Pisi kali. Siku moja nikawauliza, pisi maana yake nini? Mzuri, wakasema. Nikawaambia pisi ni kipande. Wakatazamana, mmoja akauliza: "Kipande cha nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa mwenzangu, nikaendelea kupakia. Wavulana nao wamepewa lao. Zamani ukimwita kijana marioo, yaani analishwa na mwanamke, mlikuwa mnapigana. Sasa anajiandikia mwenyewe WhatsApp chini ya picha yake, na kinyota pembeni. Danga, mshangazi, kudanga: maneno haya hawakuyatoa nyumbani wala madrasa, na mengi niliyapakia mimi kwa mkono wangu.

Hilo mgeni rasmi aliliona. Ambalo hakuliona ni gumu kidogo kulieleza, maana linahusu kisichokuwamo kwenye nyimbo.

Nina kijana anayenisaidia jioni. Baba yake ni mvuvi, samaki wake huteremka pale Deep Sea, na kijana mwenyewe tangu anajua kutembea anajua kushona nyavu. Anaimba, na ana sauti. Mwezi wa pili alinisikilizisha wimbo aliourekodi kwa simu akiwa amejifunika blanketi ili kelele zisiingie. Umo mjengo wa ghorofa, limo bwawa la kuogelea, imo ndege ya kwenda Dubai, wamo maadui wanaomwonea wivu. Nikamuuliza, maadui hao ni akina nani? Akacheka, hana. Nikamuuliza tena, na bahari iko wapi? Wewe umezaliwa majini, baba yako analala ngalawani, mbona kwenye wimbo wako maji pekee ni ya bwawa?

Akanijibu, "Mjomba, bahari haina mzuka."

Usiku ule sikulala vizuri. Kumbe kijana haoni haya ya umaskini, maana angeona haya angeuficha. Hajui tu kwamba maisha yake yanaimbika. Hajawahi kusikia wimbo wenye nyavu, wenye harufu ya dagaa juani, wenye mama anayesubiri mwanga wa karabai baharini. Kila wimbo anaoujua unatokea kwenye sebule ya mtu mwingine, basi naye amehamia sebuleni humo, amekaa kitako, anajieleza kama mwenye nyumba.

Tanga inapotajwa kwenye nyimbo, mnajua wenyewe inatajwaje. Mahaba. Mtoto wa Tanga anajua kulea, anajua kukanda, ukinaswa hutoki, na uganga kidogo pembeni. Waja leo waondoka leo, na sisi wenyewe tunachekelea. Sikatai, sifa ya mahaba si tusi, na kina mama wa mji huu wanajua kumtunza mtu. Lakini binti wa jirani yangu alikwenda chuo Dodoma, na wenzake wa bwenini, walipojua kwao ni wapi, walimpokea kwa kumwambia, "Tanga? Basi tufundishe." Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasoma takwimu, hata wali wa nazi unamshinda. Alisema muhula mzima alikuwa anaigiza utanga wa kwenye nyimbo, anarembua, anavuta maneno, mpaka akachoka. Anaigiza kuwa mtu wa kwao mwenyewe! Nilipomsikia nilicheka kwanza, kisha nikaona haifai kuchekwa.

Sasa niwape kisa changu, maana mimi pia nimewahi kutengenezwa na wimbo.

Mama yangu ni Mbondei wa Muheza. Mwaka 2000 nilikwenda Dar es Salaam kubeba mizigo Kariakoo, kijana mwenye nguvu na lafudhi ya nyumbani. Lafudhi ile ilinigharimu. Nikifungua mdomo watu wanaiga, wananiita wa milimani, mimi niliyekulia Makorora na mlima nauona kwa mbali. Nikajifunza kuibana. Nikawa naongea kidogo, kwa Kiswahili cha redio, kila neno nalikagua kabla halijatoka. Halafu wakaja Wagosi wa Kaya. Mkoloni na Dr. John, vijana wa hapa hapa, wakaingia kwenye redio za nchi nzima mwanzoni mwa miaka ile ya 2000 wakirapu kwa lafudhi niliyokuwa naificha. Waliimba habari za manesi, za rushwa, na wimbo wao mmoja uliitwa jina ambalo lilikuwa swali la mji mzima: Tanga Kunani. Mji wenye bandari, reli na mkonge, viwanda vimefungwa, kunani?

Kwenye kijiwe chetu cha Kariakoo wale wale walionicheka wakaanza kuniita mgosi. Neno la nyumbani, la mwanamume kumwita mwanamume mwenzake. Walilitamka vibaya, nikawasahihisha, na siku niliyowasahihisha ndiyo siku niliyoacha kubana lafudhi. Hakuna semina iliyonifanyia vile, wala kaulimbiu, wala mgeni rasmi. Nilirudi Tanga miaka michache baadaye nikiwa mtu anayejua anatoka wapi, kwa sababu ya nyimbo tatu au nne ambazo, nawakumbusha, hazikuwa na adabu sana kwa wakubwa. Mtu mwenye rungu la kufungia angeweza kupata sababu ya kuzifungia.

Kwa hiyo, waheshimiwa, hofu yangu na rungu si ya biashara peke yake. Mwaka 2018 zilipofungiwa nyimbo kadhaa, upo mmoja ambao ulikuwa unakwenda polepole hapa kwangu. Tangazo lilipotoka, kesho yake waliukimbilia watu ambao hata bongo fleva hawasikilizi, akiwamo mzee mmoja wa msikitini aliyeniambia anataka "kujua ubaya wake". Nilimpakia. Alirudi kuomba na mingine ya msanii yule yule. Mnapofungia wimbo mnaupa mzuka, na kile kijana alichosema bahari haina, mnakigawa bure kwa kilichokatazwa.

Tena tusijifanye tumeshuka na mbingu. Wanaosema nyimbo za zamani zilikuwa na maadili hawakuzisikiliza vizuri, walikuwa wanacheza. Kaseti za mjomba zina mafumbo ambayo mkiyafumbua mbele ya watoto mtatoka jasho. Mipasho ilipochacha, majirani walikuwa wanatukanana kwa kanda, dirisha kwa dirisha, na silaha kuu ilikuwa spika. Baikoko yetu hii, iliyokuwa ngoma ya kina mama ndani kwa ndani, nani aliitoa barabarani? Si watoto. Na vigodoro vya usiku kucha kwenye harusi za mitaani vinalipiwa na wazazi. Nawakodisha spika, najua nani anasaini.

Tofauti ni kwamba zamani mtoto wa Tanga alisikia na nyimbo nyingine. Alikuwa na pa kuchagulia. Mwezi wa nne alikuja binti, mwanafunzi wa kidato cha tatu, katumwa na bibi yake aliyelazwa kitandani. Bibi anataka Black Star, kikundi cha taarabu cha zamani. Nikamtolea nyimbo sita kutoka kaseti za mjomba, nikawa namsikilizisha moja moja ahakikishe. Akasimama pale, begi mgongoni, ule wa tatu akauliza, "Hawa ni wa Unguja?" Nikamwambia ni wa hapa. Hapa wapi? Hapa Tanga, walikuwa wanafanya mazoezi mwendo wa miguu kutoka unaposimama. Hakuniamini. Alidhani taarabu ni mali ya Zanzibar na sisi ni wasikilizaji.

Ana miaka kumi na sita, kasoma shule zetu tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba Black Star Musical Club na wenzao Lucky Star, miaka ya 1960 na 1970, waliingiza magitaa kwenye taarabu, wakaifanya muziki wa kuinukia badala ya kukaa na kutikisa kichwa, na mtindo wao ukasikika Mombasa mpaka Burundi. Hajui kwamba Shakila binti Said, ambaye nchi nzima ilimlilia alipofariki mwaka 2016, alizaliwa Pangani. Kwenye dansi tulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Na Machui, safari ya bodaboda tu, amelala Shaaban Robert, ambaye pamoja na ukubwa wake wote aliona maisha ya mwimbaji, Siti binti Saad, yanastahili kuandikiwa kitabu. Siti alikuwa mtoto wa Fumba, Unguja, wa nyumba ya kimaskini, na mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri kwa Kiswahili. Mtu wa Tanga ndiye aliyekaa chini akaandika wasifu wake. Wakubwa wa siku hizi, ninyi kwa ninyi, mara ya mwisho mlikaa lini na mwimbaji wa mji huu akiwa hajavaa fulana ya kampeni?

Samahani, hilo limenitoka.

Binti aliondoka na nyimbo sita. Kesho yake jioni akarudi na wenzake wawili, na flashi yake mwenyewe.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Kwanza hizo kanda. Wazee waliopiga kwenye vikundi vile wanaondoka mmoja mmoja, na kaseti zinashika ukungu; hewa yetu ya chumvi haina huruma na utepe. Nyimbo nyingi za bendi za enzi zile zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na hazina hiyo imo mikononi mwa TBC. Barua ya jiji ina uzito ambao ya mwenye kibanda haina. Iandikeni, ombeni nakala za vikundi vya Tanga, wekeni maktaba ya mkoa, na zipigwe. Zikifungiwa kabatini tutakuwa tumerudi pale pale.

Afisa elimu, hili lako. Fasihi simulizi imo kwenye Kiswahili cha sekondari, na ndani yake nyimbo zimo. Watoto wanakariri tanzu: hadithi, semi, ushairi, sanaa za maonyesho. Wanakariri mpaka mtihani upite, na wimbo unaowatoka mdomoni njia nzima ya kwenda shule hakuna anayewaruhusu waulete darasani. Uingizeni. Mwalimu aandike ubaoni mashairi ya wimbo unaovuma, hata huo wa pisi kali, aulize: anayesema ni nani, anamwambia nani, na anayeambiwa akipewa zamu ya kujibu atasema nini? Wale wasichana wangu wa mapisi wangejibu ubao ukajaa. Kisha wapewe kazi: beti nne, lazima liwemo jina la mtaa wako na kazi ya mzazi wako. Najua walimu watasema muda hautoshi, na kweli hautoshi.

Kisha mahali. Kijana anarekodi ndani ya blanketi, na joto hili la Tanga! Jiji halikosi chumba ambacho leo kinatunza viti vilivyovunjika. Kikitiwa magodoro ukutani, maikrofoni moja nzuri na kompyuta, kijana akilipa elfu mbili kwa saa, umeme utajilipa. Studio za mtaani zipo, lakini mwenye studio ndiye anayempa kijana mdundo, na mdundo unakuja na maneno yake: ukipewa wa Dubai utaimba Dubai. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mikopo ambayo ilisimama mwaka 2023 na sasa imerudi: kwenye tangazo lenu linalofuata andikeni neno muziki. Neno moja tu, baada ya kuku na bodaboda.

Redio za hapa sina la kuwaamuru, wana wadhamini wao. Ila saa moja kwa siku ya nyimbo zilizotungwa ndani ya mkoa huu haiwezi kumfilisi mtu.

Mji unabadilika, waheshimiwa. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani kwetu. Bandari imechimbwa kina. Vijana wa mikoa mingine wamejaa kwenye nyumba za kupanga, wanauliza Tanga ni watu gani, na vijana wetu wanawajibu kwa kitu pekee walichonacho kichwani, yaani kiitikio cha wimbo wa mtu wa Dar. Wavuvi wanajadiliana usiku kucha juu ya bahari yao itakavyokuwa. Sijasikia wimbo hata mmoja wa kijana juu ya hilo, na mimi husikia kila kitu, hata ambavyo singependa.

Kijana wangu nilimwambia aandike wimbo wa pili. Akagoma wiki mbili. Halafu juzi, kibanda kimepoa, tunasubiri umeme urudi, akaanza kuimba taratibu bila mdundo, na ndani yake kuna baba anayehesabu macho ya wavu gizani kwa vidole. Mstari mmoja tu. Akakatiza, akasema bado haujakaa. Umeme ukarudi, wateja wakaingia.

Kaseti za mjomba ni mia moja na kumi na nne, zimo kwenye ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko. Nimeanza kuzihamishia kwenye kompyuta, nimefika ya thelathini na moja. Afisa utamaduni akimtuma mtu kuzichukua nakala, hatalipa kitu. Ijumaa mchana nafunga kwa ajili ya swala, siku nyingine nipo mpaka saa tatu usiku. Kijana huja saa kumi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpakia nyimbo,
Ngamiani, Tanga